Umande na Joto la Magari: Namna ya Kulinda Kompyuta Safarini Tanga

Kompyuta mpakato inayosafiri kwa gari kutoka Lushoto, mji ulio takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hadi Ngamiani jijini Tanga hupita katika hali mbili za hewa kwa saa chache tu. Huondoka milimani ikiwa baridi na kufika pwani penye hewa ya joto iliyojaa mvuke wa bahari. Mwenye kifaa asipochukua tahadhari, anaweza kukiharibu pindi anapokiwasha.

Chanzo cha madhara hayo ni umande. Hewa yenye mvuke mwingi inapogusa kitu cha baridi, mvuke hugeuka matone ya maji, kama inavyoonekana kwenye chupa ya soda iliyotoka katika jokofu. Matone hayo hujitokeza pia ndani ya kompyuta, mahali yasipoonekana. Umeme ukipita, maji huunganisha njia zisizopaswa kukutana na kuunguza sehemu za ndani. Hata kifaa kisipoungua papo hapo, unyevu wenye chumvi ya pwani huleta kutu polepole.

Si lazima safari ianzie milimani. Gari lenye kiyoyozi kikali hupoza kompyuta kiasi cha kuifanya ishike umande mara mlango unapofunguliwa.

Hatari ya pili ni joto. Gari lililofungwa vioo na kuegeshwa juani laweza kufikia nyuzi joto 50 ndani ya saa moja, hali nje ni nyuzi 32 tu. Kompyuta nyingi zimetengenezwa kufanya kazi katika nyuzi 10 hadi 35. Joto kali huchakaza betri ya lithiamu, huifanya ivimbe na, ikiwa ina hitilafu, laweza kusababisha moto.

Baridi ya kugandisha haipo Tanga, lakini huwakabili wanaopanda Mlima Kilimanjaro na Watanzania wanaoishi nchi zenye theluji. Chini ya nyuzi sifuri betri hupungukiwa nguvu, na kuichaji katika hali hiyo hujenga tabaka la madini ya lithiamu ndani yake na kuiharibu moja kwa moja. Hivyo, kifaa kilichoachwa ndani ya gari lenye baridi kali kiachwe kwanza kipate joto la chumba, ndipo kichajiwe.

Ili kuepuka hasara, msafiri anashauriwa kuizima kabisa kompyuta kabla ya safari na kuifunga katika mfuko wa plastiki usiopitisha hewa angali katika eneo la baridi. Kwa njia hiyo umande hutua juu ya mfuko badala ya kifaa. Akifika, asiufungue wala asiwashe kompyuta kwa saa moja hadi mbili, mpaka ipate joto sawa na la chumba. Kuianika juani au kuikausha kwa pasi ni kuongeza madhara.

Aidha, kompyuta isiachwe kwenye dashibodi wala ndani ya gari lililoegeshwa juani. Betri iliyovimba isichajiwe wala kutobolewa, bali ipelekwe kwa fundi.

Kifaa chaweza kununuliwa upya, lakini hesabu za duka, tasnifu ya mwanafunzi au kumbukumbu za ofisi haziuzwi dukani. Kutunza nakala rudufu mahali pengine kabla ya kuanza safari ndiyo kinga ya mwisho.