Lenzi za macho za usiku

Lenzi za macho za usiku ni lenzi ngumu zinazopitisha oksijeni, ambazo mtu asiyeona mbali huvaa wakati wa kulala. Hubadilisha umbo la konea kwa muda, hivyo mchana huona bila miwani. Akiacha kuzivaa, konea hurudia umbo lake.

Lenzi laini za kawaida ni tofauti: huvuliwa jioni. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1989 ulikuta vidonda vya konea kwa watu 21 hivi kati ya 10,000 kila mwaka miongoni mwa waliovaa lenzi laini za kulala nazo, dhidi ya 4 kwa waliovaa za mchana tu.

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, kaya nyingi hutumia maji ya visima na mito. Amiba aina ya Acanthamoeba huishi majini, hata katika maji ya bomba, na inaweza kuharibu konea. Kwa hiyo lenzi husafishwa kwa dawa yake maalumu, si kwa maji wala mate.

Jicho likiuma, likiwa jekundu au likiumizwa na mwanga, lenzi ivuliwe na mgonjwa aende hospitalini siku hiyohiyo, bila kutia dawa za kienyeji. Kijana aishiye mbali na daktari wa macho hufaidika zaidi na miwani.