Kipupwe cha London kisikufungie ndani

Pengine umepata nafasi ya kusoma Uingereza, au unafunga virago pamoja na watoto kumfuata mumeo London. Bila shaka umeonywa kuhusu baridi. Lakini wengi hawakuambii kwamba kinachomwangusha mgeni aghalabu ni upweke: kushinda chumbani ukichungulia dirishani, moyo ukirudi nyumbani.

Dawa ipo, nayo haina kiingilio. Nenda bustanini.

Anzia St James's Park, katikati ya jiji. Humo utakuta mwari, ndege wa jamii ile ile ya wale wa Ziwa Nakuru. Wa kwanza waliletwa mwaka wa 1664, zawadi ya balozi wa Urusi kwa Mfalme Charles wa Pili. Kumbe hata wao asili yao ni wageni!

Ukitaka uwanja mpana, tembelea Richmond Park, yenye ekari 2,500 na kulungu zaidi ya 600 wanaozurura watakavyo. Watazame kutoka umbali wa mita 50 au zaidi. Jumapili nyingine panda kilima cha Greenwich, uone Mto Thames na majumba ya jiji yametandazwa mbele yako. Mji uliokutisha jana utaanza kuuelewa.

Hata hivyo, jihadhari. Katikati ya Desemba jua huchwa kabla ya saa kumi jioni, kwa hivyo toka asubuhi na usome langoni saa ya kufungwa. Vaa nguo kadhaa nyepesi, moja juu ya nyingine. Huleta joto kuliko sweta moja nzito. Koti la mtumba utalipata kwa bei nafuu katika maduka ya mashirika ya misaada. Na watoto wasikanyage barafu iliyoganda juu ya kidimbwi, hata ikionekana ngumu kama saruji.

Utaona miti mingi imepukutika majani, udhani imekauka. La hasha, imelala tu. Chagua mmoja, uutembelee kila wiki. Mwishoni mwa Desemba mchana huanza kurefuka, na Januari maua madogo meupe huchomoza ardhini. Mti wako utakapochipua, huenda tayari unasalimiana na wenyeji wawili watatu wanaotembeza mbwa wao.

Baada ya dhiki, faraja.