Malengo yako yanakupeleka wapi?



Nusu ya mwaka imekwisha. Ile karatasi uliyoiandika Januari bado unayo? Pengine uliandika kumaliza msingi wa nyumba, kulipa deni la kikoba, kumhamishia mtoto shule nzuri zaidi, kupunguza uzito, kusoma Biblia yote. Wapo waliokwisha kutimiza mawili matatu, nao wanamshukuru Mungu. Wapo ambao wakiikumbuka karatasi hiyo wanainamisha kichwa. Leo sitakuuliza umetimiza mangapi. Nakuuliza swali linalotangulia hilo: malengo hayo yakitimia yote, yatakuwa yamekufikisha wapi?

Swali hili watu wa delta ya Rufiji wanalijua bila kufundishwa darasani. Kule Salale, wilaya ya Kibiti, mto unagawanyika katika matawi mengi ndani ya msitu wa mikoko, na kwa mgeni kila tawi linafanana na jingine. Maji yakijaa, mtumbwi unapita; yakipwa, unakaa juu ya tope. Kwa hiyo nahodha haanzi kwa kukuuliza unataka kwenda kwa kasi gani. Anataka kujua unakwenda wapi, kisha anayatazama maji. Mwenye injini kubwa akiingia tawi lisilo lake, anapotea upesi kuliko mwenye kasia.

Salale hiyohiyo ina historia ambayo kila Mkristo anayepanga maisha yake angefaa kuifahamu. Mwaka 1914, Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Wajerumani walikuwa na manowari moja kubwa katika pwani yetu, iliyoitwa Königsberg. Ilitumwa kuwinda meli za Waingereza katika Bahari ya Hindi. Tarehe 20 Septemba 1914 iliizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, katika bandari ya Zanzibar. Lakini mitambo yake ilikuwa imechoka na makaa ya mawe yalikuwa ya shida. Ikaingia delta ya Rufiji kujificha na kutengenezwa. Vyuma vyake vikakokotwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kufanyiwa matengenezo. Mwezi Oktoba Waingereza waliipekua meli nyingine ya Kijerumani huko Lindi, wakakuta karatasi zinazoonyesha makaa yakipelekwa Salale. Siri ikafichuka. Wakaziba njia za kutokea baharini, na tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikaishia palepale kwenye tope la Rufiji.

Sisemi hayo kusifu vita. Natazama jambo moja tu. Manowari ile ilikuwa na mizinga mizuri na mabaharia hodari, na kwa miezi mingi ilitimiza lengo lake la kila siku: leo tusipatikane, leo tusizame. Lengo hilo lilitimia siku baada ya siku. Hata hivyo, kazi iliyotumwa kuifanya kwenye bahari kuu haikufanyika tena.

Ndugu yangu, hebu jipime hapo. Ni wangapi kati yetu wenye malengo ya kujificha? Lengo langu ni nisiaibike mbele ya majirani. Lengo langu ni nisipitwe na wale niliosoma nao. Lengo langu ni bosi asinione. Malengo hayo yanaweza kutimia mwaka hadi mwaka, mpaka mtu anafikia kustaafu, nguvu zake zote zikiwa zimetumika kujilinda, na lile aliloumbiwa hajaligusa.

Hapa tutofautishe maneno mawili. Lengo ni jambo unaloweza kulimaliza: nyumba inaisha, deni linalipwa, cheti kinapatikana. Kusudi ni ile sababu ya wewe kuwa hai, nalo halimaliziki. Wengi wetu tulijifunza katika katekisimu tukiwa watoto kwamba Mungu alituumba tumjue, tumpende na tumtumikie, ili mwishowe tuishi naye milele. Tulilikariri jibu hilo kwa sauti moja tukitazamia Komunyo ya Kwanza. Tulipokua tukaliacha kwenye benchi la mafundisho, kana kwamba halihusiani na mshahara, shamba na ada.

Yesu hakukataza kupanga. Katika Luka 14 anamsifu kwa namna yake mtu anayeketi kwanza na kupiga hesabu kabla ya kujenga mnara. Lakini katika Luka 12 anatupa mfano wa tajiri aliyepanga vizuri sana: mavuno yamezidi, ghala za zamani zibomolewe, zijengwe kubwa zaidi. Mpango ule ungepita katika benki yoyote. Kosa lake ni kwamba katika hesabu zote zile hamkuwa na Mungu wala jirani. Alikuwa anazungumza na nafsi yake peke yake. Usiku uleule akaitwa.

Turudi delta, maana kuna somo jingine gumu zaidi. Mikoko ya Rufiji, hekta zipatazo 53,000, ni msitu mkubwa unaohesabiwa kuwa wa kwanza wa aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki. Kwenye mizizi yake ndimo kamba na samaki wachanga wanamokulia kabla ya kwenda baharini. Upande wa kaskazini wa delta, yanakofika maji mengi ya mto yasiyo na chumvi, watu wamekuwa wakikata mikoko ili walime mpunga. Mwanzoni mpunga unakubali. Baada ya miaka kadhaa magugu yanazidi, kaa wanakata miche, mavuno yanapungua, na mkulima anasogea kukata kipande kingine.

Tusiwe wepesi kumhukumu mkulima huyo. Anataka watoto wale, na kulisha watoto ni kusudi takatifu. Wanaomkataza wanapaswa pia kumwambia atakula nini. Lakini shida aliyo nayo inatufundisha sote: lengo jema linaweza kula kile kinacholishikilia. Shamba likipatikana, mazalia ya samaki yanapungua. Nao samaki hao walikuwa chakula cha watoto walewale.

Wewe umekata mikoko gani ili upate shamba lako? Kuna baba anayejenga nyumba kwa ajili ya watoto, na kwa kuijenga hajakaa mezani na watoto hao tangu Pasaka. Nyumba itakwisha, nao watakuwa wamekwisha kumzoea kama mgeni. Kuna mama anayetafuta mtaji kwa ajili ya familia, lakini kwa mikopo ambayo mumewe haijui, na sasa kila simu ikilia moyo unamwenda mbio. Kuna kijana aliyetaka ajira ili amsaidie mama yake, akaipata kwa cheti cha kughushi; kila mwezi anatuma pesa nyumbani, na kila mwezi haendi kupokea Komunyo. Wote watatu walianza na jambo jema. Sala, ndoa, ukweli, usingizi, Jumapili: hiyo ndiyo mikoko. Haionekani kuzaa kitu, lakini ikiisha, maisha hayana pa kuzaliana.

Basi mtu atajuaje kama lengo lake linakubaliana na kusudi lake? Mtakatifu Ignasi wa Loyola alilijifunza hilo akiwa kitandani. Mwaka 1521, katika mapigano ya Pamplona, tufe la mzinga lilimvunja mguu. Alikuwa mtu wa fahari, mwenye ndoto za sifa za vita na za kupendwa na mabibi wakubwa. Wakati akiuguza mguu hakupata vitabu vya mashujaa alivyovipenda. Akapewa maisha ya Kristo na ya watakatifu. Akagundua jambo dogo lililogeuza maisha yake. Akiota sifa za dunia, alifurahi wakati anaota, kisha akabaki mkavu. Akiota kumtumikia Mungu kama watakatifu, alifurahi, na furaha ikabaki hata ndoto ilipokwisha. Baadaye, katika Mazoezi yake ya Kiroho, aliweka msingi kwamba vitu vyote tuvitumie kwa kadiri vinavyotusaidia kufikia tulichoumbiwa, na tuviache kwa kadiri vinavyotuzuia.

Kipimo hicho unaweza kukitumia leo. Chukua lengo moja, lione limetimia, kisha ukae kimya. Baada ya furaha ya kwanza kupita, kinabaki nini moyoni: amani, au njaa ya kitu kingine kikubwa zaidi?

Pengine utasema, Padre, kusudi ni neno la watu wakubwa, mimi ni mtu wa kawaida. Nikupe mfano kutoka pwani ya Salale. Nyamisati ni kijiji cha wavuvi, ambako watu hupanda chombo kwenda Mafia. Katika miaka ya 1980 daktari kutoka Uswidi, Ingegerd Rooth, alianza kushughulikia malaria pale, wakati ugonjwa huo ulikuwa umeenea mno kijijini. Kazi yake ya siku haikuwa ya kutangazwa: kupima damu, kuandika nani ana homa, kumtibu mapema, kurudi tena mwaka unaofuata kwa watu walewale. Alishirikiana na wanakijiji na watafiti wenzake, Watanzania na Waswidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, naye akiwa miongoni mwa waandishi, ulionyesha jinsi maambukizi ya malaria katika kijiji hicho yalivyoshuka sana katika kipindi cha miaka 25.

Angalia mpangilio wake. Lengo la siku lilikuwa dogo, la mtoto mmoja mwenye homa. Kusudi lilikuwa kubwa, nalo likavumilia robo karne. Wengi wetu tunafanya kinyume: tunaweka lengo kubwa la mwaka mmoja, na hatuna kusudi la kutufikisha Machi.

Na kuna wasomaji wangu ambao leo hawana malengo ya kuandika. Uko kitandani hospitalini, au umepunguzwa kazini, au umebaki mjane na mipango yote ilikuwa ya watu wawili. Neno langu kwako ni hili: lengo linaweza kufa mikononi mwako, kusudi haliwezi. Kumjua Mungu, kumpenda na kumtumikia hakuhitaji mtaji wala afya. Mgonjwa anayemwombea mgonjwa wa kitanda cha pili yuko kwenye kusudi lake kuliko mzima anayekimbizana na ghala.

Basi, leo jioni baada ya chakula, fanya hivi. Chukua daftari, andika malengo matatu tu. Mshika mengi yatamponyoka. Kando ya kila moja jibu maswali manne. Likitimia, nani mwingine atafurahi zaidi yangu? Ili nilipate, ninakata nini kisichoota upesi? Naweza kumwomba Mungu jambo hili kwa sauti, mbele ya mwenzi wangu na watoto, bila kuona haya? Na lisipotimia, nitabaki bado mtu wa Mungu? Lengo likishindwa maswali hayo, usilitupe haraka, lirekebishe. Baba mwenye nyumba apunguze chumba kimoja na arudishe chakula cha jioni kimoja nyumbani. Mama mwenye mikopo aketi na mumewe wiki hii, kabla deni halijaketi kati yao. Kijana mwenye cheti aanze kwa padre, kwenye kitubio, na asiende peke yake katika yatakayofuata.

Mwisho, chini ya ukurasa andika: Mungu akipenda. Mtume Yakobo, sura ya 4, aliwaonya wafanyabiashara waliopanga safari ya mwaka mzima bila kuyasema maneno hayo. Jirani zetu Waislamu wa delta huyasema kila wanapotia chombo majini. Kwa kuyaandika unakiri kwamba maji si yako, na kwamba Mwenye maji anajua tawi linalofika baharini.

Mungu akubariki, akuongoze katika yaliyobaki ya mwaka huu. Jumapili njema.