Chuma Kilichozidi Tumboni

Mwili wa binadamu hauna njia maalumu ya kutoa chuma kilichozidi. Kwa siku hupoteza miligramu 1 hadi 2 tu, hasa pamoja na seli za ngozi na utumbo zinazobanduka. Udhibiti wote hufanyika mlangoni, yaani mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Akiba ikitosha, ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, nayo huondoa protini inayopitisha chuma kutoka seli za utumbo kwenda kwenye damu. Chuma hukwama ndani ya seli hizo, zikabanduka baada ya siku chache na kutoka na choo.

Chakula nacho huzuia. Fitati za maharagi na tanini za chai hushikana na chuma cha mimea kabla hakijafyonzwa. Kikombe cha chai kinywewapo pamoja na mlo chaweza kupunguza ufyonzaji huo kwa zaidi ya nusu. Kikinywewa saa moja baadaye, athari hushuka sana. Bukavu, ambako sahani ya kawaida ni bugali, maharagi na sombe, hiyo ni hasara, na ni mojawapo ya sababu za mama mjamzito kupewa kliniki vidonge vya chuma na asidi foliki, kwa kawaida vyenye miligramu 60 za chuma kila kimoja.

Vidonge hivyo hivyo, vikiachwa mezani katika nyumba ya Kadutu au Bagira, mitaa ya Bukavu, humvutia mtoto kama pipi, kwani vingi vina rangi nyekundu na ganda la sukari. Dalili za sumu huweza kuanza kwenye miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito. Kwa mtoto wa kilo 10, hivyo ni vidonge 3 au 4. Vikifika 10, maisha yamo hatarini. Hapo hepsidini haifui dafu: chuma huunguza utando wa tumbo na kupenya palipojeruhiwa.

Madaktari wamejaribu mengi ili kukinasa humo humo tumboni, na mengi yamewavunja moyo. Mkaa wa dawa, unaonasa sumu nyingi, haushiki chuma. Bikaboneti haijathibitika kusaidia. Fosfeti iliwavuruga watoto chumvi za damu, ikaachwa. Hidroksidi ya magnesi ilipunguza ufyonzaji kwa watu wazima waliojitolea kupimwa, lakini haijawa tiba ya kawaida. Chai na maziwa ya nyumbani haviwezi kuzuia dozi kubwa kiasi hicho, na kumtapisha mtoto kwa nguvu huongeza madhara.

Njia inayotegemewa zaidi haikinasi chuma, bali hukiharakisha kutoka. Vidonge vikionekana kwenye picha ya eksirei, mmumunyo wa polietilini glaikoli hupitishwa kwa mpira wa puani, takriban nusu lita kwa saa kwa mtoto mdogo, mpaka kinachotoka kiwe maji safi. Chuma kilichokwisha kuingia kwenye damu hushughulikiwa na deferoksamini kupitia mshipa, dawa inayoweza kuugeuza mkojo kuwa mwekundu.

Mtoto ambaye hakuonyesha dalili yoyote kwa saa 6 kwa kawaida hupona bila tiba. Aliyetapika kisha akatulia ni kesi nyingine: utulivu huo, kati ya saa ya 6 na ya 24, huweza kufuatwa na mshtuko wa damu na ini kushindwa kazi.