Kwa nini mahindi hukunja majani jua likiwa kali?

Mvua ikikatika wiki mbili, ifikapo saa sita mchana mahindi hukunja majani kama mkeka. Yakifunguka jioni, tunashusha pumzi. Asubuhi yakiwa bado yamekunjwa, mkulima anajua hali si nzuri. Wasikilizaji wetu wengi wanatuuliza sababu. Jibu lake ni la zamani sana, na linaanzia majini.

Wanasayansi wanaeleza kwamba mimea yote ya nchi kavu inatokana na mwani wa kijani wa maji baridi. Safari ya kuhamia nchi kavu ilianza karibu miaka milioni 470 iliyopita. Majini, mmea ulizungukwa na maji, ulifyonza virutubisho kwa mwili mzima, na maji yenyewe yaliushikilia usilale. Nchi kavu hayo yote yalikosekana.

Hatari ya kwanza ilikuwa kukauka. Mimea ikajifunika nta. Pangusa shina la mtama kwa kidole. Unga mweupe unaobaki kidoleni ndiyo nta yenyewe. Lakini nta inayozuia maji kutoka inazuia pia hewa kuingia, na mmea hauwezi kutengeneza chakula bila hewa ya ukaa. Kwa hiyo majani yakawa na vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho, vinavyofunguka na kufunga. Vikifunguka, hewa inaingia lakini maji yanatoka. Vikifunga, maji yanabaki lakini chakula hakitengenezwi. Mmea uko kati ya njaa na kiu kila siku.

Mahindi yanapokunja majani yanapunguza eneo linalopigwa na jua ili yasipoteze maji mengi. Hayajafa, ila yamepunguza kula.

Hatari ya pili ilikuwa kupata maji ardhini. Mimea ya mwanzo haikuwa na mizizi kama ya leo. Huko Rhynie, Uskoti, kuna mimea iliyogeuka mawe zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, na ndani yake zimeonekana kuvu zilizoishi pamoja nayo. Mpaka leo mazao yetu mengi, mahindi yakiwemo, yana kuvu kwenye mizizi. Nyuzi zake hufika pasipofikiwa na mizizi na kuleta virutubisho, hasa fosforasi. Mmea nao huzilipa kwa sukari.

Ya tatu ilikuwa kusimama. Mimea ikapata mirija ya kupandisha maji, iliyokazwa kwa kitu kigumu kiitwacho lignini. Ndicho kinachofanya mti utoe mbao, na bua lisimame.

Ya mwisho ilikuwa uzazi. Mimea ya mwanzo ilihitaji maji ili mbegu ya kiume iogelee kuifikia ya kike. Baadaye ikaja chavua inayopeperushwa na upepo, na mbegu yenye ganda na akiba ya chakula, inayoweza kusubiri mvua. Hiyo ndiyo unayoitunza ghalani.

Hata hivyo, uzazi wa mahindi bado unaogopa ukame. Yakikosa maji wakati wa kutoa mbelewele, nywele za hindi huchelewa kutoka. Chavua inaisha kabla nywele hazijawa tayari, na unavuna hindi lenye mapengo. Wiki hizo ndizo za hatari kuliko zote.

Mazao hayalingani. Mtama unaweza kusimamisha ukuaji, kisha ukaendelea mvua ikirudi. Muhogo hufunga vitundu vyake mapema na kupukutisha majani, ukisubiri. Mahindi yana subira ndogo.

Kwa hiyo, palilia mapema, maana magugu nayo yanakunywa. Usichome mabua yote. Yatandaze shambani yazuie jua kukausha udongo. Panda mvua zinapoanza, ili mbelewele isije ikakutwa na ukame. Na kama eneo lako mvua zake hazitabiriki, tenga sehemu ya shamba kwa mtama au muhogo. Mwaka ambao mahindi yatakunja majani yasifunguke tena, sehemu hiyo ndiyo itakayolisha nyumba.