Macho ya Nefertiti, uso wa Elizabeth: soma kopo kabla ya kupakia

KIGWENA, Rumonge – Mpambaji mmoja wa maharusi hapa Kigwena, kando ya barabara ya RN3 inayoteremka kutoka Rumonge kwenda Nyanza-Lac, alinionyesha picha kwenye simu yake. Haikuwa picha ya mwimbaji wala ya mrembo wa runinga. Ilikuwa sanamu ya kichwa cha malkia Nefertiti wa Misri, yenye umri wa zaidi ya miaka 3,300. Bibi harusi wake, alisema, anataka macho kama yale: wanja uliovutwa mpaka pembeni mwa jicho, nyusi zilizochorwa kwa mstari mmoja safi, na midomo ya rangi ya udongo mwekundu.

Wenye maroli na maboti watauliza haya yanawahusu nini. Yanawahusu kwa sababu mtindo ukimfikia mpambaji, makopo yake yameshavuka mpaka, na aliyeyavusha huenda ni wewe msomaji. Tena rangi zilizopamba nyuso za wafalme na malkia wa zamani ni za jamaa moja na zile ambazo leo zinaifanya katoni izuiwe forodhani.

Tuanze na mtindo wenyewe. Sanamu ya Nefertiti ilifukuliwa Amarna, Misri, tarehe 6 Desemba 1912 na kikosi cha Mjerumani Ludwig Borchardt, na sasa imo katika jumba la Neues Museum mjini Berlin. Macho ya Kimisri yalisambaa zaidi na filamu ya Cleopatra ya mwaka 1963, kisha mwaka 2004 mbunifu John Galliano wa nyumba ya Dior akaonyesha mavazi ya Kimisri mjini Paris, mpambaji wake akiwa Pat McGrath. Kutoka jukwaani rangi hizo hushuka hadi kwenye viwanda vya bei nafuu, na kutoka viwandani hadi sokoni kwetu.

Mfano wa pili ni Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza, aliyetawala 1558 hadi 1603. Katika picha zake uso ni mweupe kama chokaa, midomo myekundu, nyusi hazionekani sawasawa. Jenny Shircore alipata tuzo ya Oscar kwa upambaji wa filamu ya Elizabeth ya mwaka 1998. Jambo linalosahaulika ni kwamba picha zile zilikuwa kazi ya serikali. Wachoraji walifuata sura iliyokubaliwa, na katika picha moja ya karibu mwaka 1600 malkia anaonekana binti, wakati umri wake ulikuwa unakaribia miaka 70. Huyo anayeigwa leo hakuwahi kuwapo hivyo.

Na karibu yetu, kaskazini-mashariki ya Kongo, yupo Nobosodru, mke wa mtawala wa Wamangbetu. Msafara wa magari ya Citroën uliovuka Afrika mwaka 1924 na 1925 ulimpiga picha, na mchoraji Alexandre Iacovleff akamchora. Kichwa chake kirefu na nywele zilizosukwa zikafunguka juu kama feni vilitokea kwenye bango la filamu ya msafara huo. Wasusi na wapambaji wa leo bado wanairudia sura hiyo. Kwa maoni yangu ndiyo inayotufaa zaidi huku, maana haimtaki mtu abadili rangi ya ngozi yake.

Hapo ndipo penye hatari. Mpambaji anayejua kazi haigi weupe wa Elizabeth. Anachukua mpangilio: uso wa rangi moja, mdomo uliokolea, jicho tulivu. Hayo yanawezekana kwenye ngozi yoyote, kwa poda inayolingana nayo. Lakini muuzaji asiyejua akisikia “uso wa malkia” huelewa “uso mweupe”, akaagiza krimu za kuchubua. Poda huoshwa usiku uleule. Zebaki iliyopita kwenye ngozi huenda kwenye figo.

Wazee wa Ulaya walilipia weupe huo. Bamba za madini ya risasi ziliachwa juu ya mvuke wa siki mpaka zikaota ukoko mweupe, ukakwanguliwa na kusagwa. Wachoraji waliupaka kwenye picha, na wanawake wenye uwezo wakaupaka mashavuni. Rangi nyekundu kali ya zamani ilitokana na jiwe lenye zebaki. Wanja wa Wamisri nao ulikuwa na jiwe la risasi lililosagwa.

Huu wa mwisho haujatoweka. Wanja wa manga na jamaa zake wanaouzwa kwa vichupa visivyo na maandishi wamewahi kupimwa nchini Marekani, na baadhi ya sampuli zikakutwa na risasi zaidi ya nusu ya uzito wake. Nchi hiyo hairuhusu wanja wa aina hiyo kama rangi ya vipodozi. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na bibi zetu wengi walimpaka mtoto wanja kabla hajafikisha siku arobaini.

Kwa zebaki, Mkataba wa Minamata ulianza kufanya kazi mwaka 2017. Kwanza ulilenga vipodozi vyenye zaidi ya sehemu 1 ya zebaki kwa milioni, na mwisho wake ulikuwa mwaka 2020. Mkutano wa Geneva wa mwaka 2023 uliondoa kiwango hicho, kwa hiyo baada ya mwaka 2025 kipodozi kilichotiwa zebaki hakina nafasi hata kikiwa na kidogo. Burundi na Tanzania zote zimo katika mkataba huo. Upande wa Tanzania, kazi ya kusimamia vipodozi ilihamia Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019. Upande wa Burundi kuna ofisi ya viwango, BBN, na ushuru uko kwa OBR.

Sasa kopo. Rangi halali huandikwa kwa namba zinazoanza na herufi CI. Nyeupe ya leo ni CI 77891, titani. Nyekundu, njano na nyeusi za chuma ni CI 77491, 77492 na 77499. Nyeusi ya masizi ni CI 77266. CI 75470 ni nyekundu inayotokana na mdudu. Haina risasi, ila wateja Waislamu huiulizia, basi uwe na jibu. Kopo lisilo na orodha yoyote, wala jina la kiwanda, wala namba ya toleo, liache hukohuko dukani.

Katika karatasi, vipodozi vya uso viko kifungu 33.04: midomo 3304.10, macho 3304.20, poda 3304.91, na krimu 3304.99. Krimu za kuchubua hujificha katika hicho cha mwisho, ndiyo maana ofisa akikiona hufungua boksi. Anayechanganya yote kwenye mstari mmoja wa ankara anajitafutia siku mbili Mugina. Na cheti rahisi cha asili ya bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mzigo usiozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya tu. Kununua Kariakoo hakuifanyi poda ya Guangzhou kuwa ya Tanzania. Mzigo wa mtu mdogo umekwama kwa kosa hilo, na mtaji wake ukaishia kwenye gharama za ghala.

Madereva, rangi ya mdomo ni nta na mafuta. Usiiweke juu ya basi mchana wa jua la ziwani wala karibu na injini. Ikiyeyuka na kuganda tena huota chunusi na mteja hairudii.

Kingine ni mawese. Michikichi imejaa ukanda huu wote, na mafuta yake huondoka kwa madumu. Viwanda vya nje huyachemsha mafuta ya aina hiyo kuwa msingi wa krimu na rangi za midomo, halafu tunavinunua kwa gramu. Mpambaji wa Kigwena hupangusa wanja wa maharusi wake kwa pamba na matone ya mafuta kutoka dumu la jirani, bei ya franka chache. Alipomaliza kunionyesha picha aliniuliza kama namjua mtu wa Kigoma anayeuza wanja wenye maandishi. Nilimwambia nitauliza.