Bao Lenye Stendi

Je, wajua ni upande gani wa bao la kete unaoharibika mapema? Ni wa chini, ule usiotazamwa na mtu. Fundi huhangaika kuchimba mashimo 32 na kulipa shimo la nyumba pembe zake nne, kisha kazi yote hiyo hulazwa juu ya udongo mtupu. Masasi, chini ya vilima vyake vya mawe, na Newala, kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde unaotazama bonde la Ruvuma, mvua ni ya msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Wakati huo ardhi hutoa unyevu na mbao huunywa. Tumbo la bao huvimba, uso wake unaopata upepo na jua husinyaa, na kingo mbili ndefu huinuka. Bao la namna hiyo huyumba kila kete inapotiwa.

Halafu kuna mchwa. Mdudu huyu hukimbia mwanga na hewa kavu, ndiyo maana husafiri ndani ya vijia vya udongo anavyovijenga mwenyewe. Bao likilala chini, hana haja ya kijia. Huingia moja kwa moja, na mwenye bao hushtuka siku kidole kinapotoboa shimo. Kiini cha mpingo au mninga humpa mchwa taabu kubwa, lakini sehemu nyeupe iliyo karibu na gome haina kinga hiyo. Ubao wa mwembe ni rahisi kuchonga na ni rahisi vilevile kuliwa.

Dawa ni kuliinua bao, na kwa bao linalohama kutoka baraza moja hadi jingine, miguu inayokunjwa ndiyo inayofaa. Mfano wake wengi wanao nyumbani: stendi ya baiskeli. Stendi haisimami wima kabisa. Hupita wima kidogo, ikagota kwenye kizuizi, na uzito wa baiskeli wenyewe ndio unaoishikilia. Mguu wa bao nao ufungwe kwa bawaba, ukunjwe kuelekea katikati ya tumbo, na ukifunguliwa utanuke nje kwa nyuzi kama 12 kabla ya kugota. Kadiri wachezaji wanavyoegemea, ndivyo unavyokaza. Kuukunja, inua bao kwanza.

Mahali pa kufunga bawaba panahitaji hesabu, na hapa ndipo naona mafundi wanapaswa kutulia. Chukua bao la sentimita 80 lenye uzito wa kilo 4. Nyayo zikikanyaga sentimita 18 kutoka kila ncha, mkono ukilemea ncha moja kwa uzito wa kilo 5 tu, ncha ya pili inanyanyuka na kete 64 zinachanganyika. Zikikanyaga sentimita 10 kutoka ncha, itahitajika kilo 12 kuliangusha. Mguu wa sentimita 20 uliotanuka kwa nyuzi 12 husogeza unyayo kama sentimita 4, kwa hiyo bawaba ikae sentimita 14 kutoka ncha.

Je, miguu mitatu au minne? Mitatu haichezi popote, hata kwenye mizizi ya mkorosho, lakini bao ni refu na pembe moja ingebaki hewani. Minne hushika pembe zote, ila ardhi isipokuwa sawa mmoja huning'inia. Waunda matrekta walikwisha kulitatua jambo hili: ekseli ya mbele hushikwa na pini moja katikati, hivyo gurudumu moja linaweza kupanda tuta na jingine likabaki chini. Jozi moja ya miguu ya bao iunganishwe kwa gongo lililoshikwa na bolti moja katikati, liweze kucheza kidogo. Bao litakuwa na nyayo nne na utulivu wa tatu.

Miguu ikikunjwa hugeuka reli mbili chini ya tumbo. Bao likifungwa kwa mpira kwenye keria ya baiskeli, ni reli hizo zinazosuguliwa na chuma.

Sasa mguu wenyewe ndio unaogusa ardhi, na mbao hunywa maji haraka zaidi kupitia ncha iliyokatwa kuliko kupitia ubavu. Pigilia kipande cha tairi chakavu kwenye kila unyayo. Tena nchi hii ya korosho ina kinga yake: mafuta ya ganda la korosho, ambayo mchwa huyachukia. Yapakwe miguuni tu, kamwe si kwenye mashimo, maana mafuta mabichi yana asidi inayochoma na kubabua ngozi, na wanaobangua korosho kwa mikono wanaijua vizuri. Mchwa akijaribu tena, sharti apande mguu, na kijia chake kitaonekana. Kikwangue asubuhi kabla ya mchezo. Mafuta yaachwe yakauke kabisa kabla ya kuanza kukunja stendi, kwa sababu hapo ndipo mkono unaposhika kila bao linapobebwa.